Foleni ya Sauti Nne

Jumatatu, 23 Juni 2025

Habari kubwa! Mganga Mfawidhi katuita wote ukumbini asubuhi, hata wapishi. Wamekuja wataalamu wa kupima mzigo wa kazi. Wiki nzima watakaa idara kwa idara wakiangalia wagonjwa wanavyohudumiwa, kisha waseme kama kitengo kipya cha saratani kije hospitalini kwetu au kipelekwe kwingine. Kitengo chenyewe si mchezo. Chumba cha dripu, daktari wake, wauguzi wake. Watu wa Tabora wasipande tena basi mpaka Mwanza kutundikiwa dawa.

Akili yangu ikafanya kazi palepale. Kitengo hakikosi mratibu. Mratibu hakosi ofisi. Ofisi haikosi kiti kinachozunguka! Mimi Anselm Masolwa, msaidizi wa katibu wa hospitali, mtu wa diploma, nakaa chumba kimoja na jokofu bovu la chanjo na matairi ya gari la wagonjwa. Kiti changu kina miguu mitatu na tofali.

Sista Mektilda, muuguzi anayesimamia kliniki ya uchunguzi wa saratani kila Jumatano, akasimama kutueleza kipimo kinavyofanyika. Dakika, wastani, sijui nini. Sikumsikiliza. Nilikuwa nachagua rangi ya mapazia. Anajipendekeza tu yule, naye anautaka uratibu. Kila akipita mlangoni kwangu ananiita Mheshimiwa, na hamaanishi.

Nilichoelewa kinatosha. Mzigo mkubwa, kitengo kinakuja. Mzigo mdogo, hakiji. Basi mzigo uwe mkubwa!

Bahati nyingine. Kiongozi wa wataalamu anaitwa Bwana Saidi, na kwao ni Kisarawe. Mzaramo! Mtani wangu wa haki kabisa, tangu enzi babu zetu Wanyamwezi walipopita kwao na pembe begani kwenda pwani. Nikampokonya kofia yake mbele ya Mganga Mfawidhi, nikasema haitoki mpaka aikomboe. Wote wakatoa macho. Saidi akacheka mpaka akashika ukuta, akasema Wanyamwezi hatujaacha kubeba visivyo vyetu. Yumo kiganjani. Mektilda hana utani na mtu.

Jioni shangazi Minza kapiga simu kutoka kijijini, upande wa Ulyankulu. Ana uvimbe titini. Masika ulikuwa kama punje ya choroko, sasa umekuwa kama njugu mawe. Nikastuka. Huyu ndiye aliyeuza tumbaku yake nikasoma. Nimemwambia aje Jumatano, kliniki ni mimi, foleni hataijua.

Jumanne, 24 Juni

Saidi kalipiza. Nimefika asubuhi nikamkuta amejilaza mlangoni pa ofisi yangu, mikono kifuani kama maiti, anasema haamki mpaka nimpe kuku. Nikamwambia kuku amepewa rufaa ya Mwanza. Wagonjwa wakacheka, hata waliokatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi.

Mchana nikamwambia kwa uso mkavu kwamba maji ya nyumba ya wageni anakolala yanatoka tangi moja na chumba cha maiti. Akaenda kununua katoni ya maji ya chupa, akaogea. Alipogundua, akaapa mbele ya kantini nzima kuwa hataamini tena neno lolote litokalo kinywani mwangu, hata nikimwambia leo ni Jumanne. Tulicheka sana. Mambo yananyooka.

Sasa mpango wenyewe. Mke wangu Josepha anaimba sauti ya pili kwaya ya parokia, kule Ipuli. Mwaka huu wa jubilei kwaya inataka kinanda kipya, maana cha zamani kinaruka noti kama mzee aliyeng'oka meno. Nimekwenda mazoezini nikasema nao. Kesho waje wote hospitalini, wakae kwenye benchi za kliniki ya Mektilda, waonekane wana mashaka. Wakiulizwa shida waseme: nina wasiwasi kidogo, lakini leo nimeamka afadhali. Nikishakuwa mratibu wa saratani, nitakosaje kuwatafutia kinanda?

Mwalimu wao, Renatus, akauliza kama ni dhambi. Nikamwambia wasiwasi kila mtu anao. Akaridhika. Josepha hakuridhika. Njia nzima akanisemesha: Baba Godbless, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia mipango mikubwa haifanywi na watu wa sauti ya pili. Nimelala kochini.

Jumatano, 25 Juni

Walikuja wote, isipokuwa Josepha! Niliwaona wakiingia getini na khanga zao na makoti yao nikataka kulia kwa furaha. Mektilda alipofungua mlango akarudi nyuma hatua moja.

Kasoro ya kwanza. Walikaa kwa sauti. Mazoea tu, hawakukusudia. Sauti ya kwanza benchi la mbele, ya pili nyuma yao, ya tatu ukutani, ya nne mlangoni, na Renatus mbele akiwatazama. Akakohoa. Kwaya nzima ikasimama wima. Saidi, aliyekuwa pembeni na saa yake, akauliza kuna nini. Nikasema ndiyo nidhamu ya Tabora.

Kasoro ya pili. Jumatano ni kliniki ya wanawake, matiti na mlango wa kizazi! Sauti ya tatu na ya nne wote ni wanaume. Nilisahau kabisa. Nikawahamishia haraka chumba cha tezi dume, ng'ambo ya korido. Sikuwaambia humo ndani hufanyika nini. Akaanza Jilala, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miraba minne, sauti yake hutikisa vioo vya kanisa. Aliingia na sauti ya nne. Akatoka na ya kwanza. Wenzake waliposikia kile kilio hawakuuliza, walitoka mbio kwa mlango wa jikoni, na mmoja mpaka leo jioni hajarudi kwake.

Lakini wanawake walikwenda vizuri ajabu. Anaingia, anasema ana wasiwasi kidogo, leo kaamka afadhali. Mektilda anamwomba apande kitandani ampime. Anakataa, anatoka. Mwingine! Anaingia, anatoka. Mwingine! Mektilda akawa anafungua mlango na kufunga kama mtu anayefukuza nzi. Saidi anabonyeza saa, anaandika, anabonyeza. Nilihesabu vichwa mpaka nikaona raha.

Shangazi Minza alifika katikati ya hayo. Khanga tatu juu ya gauni, mfuko wa matobolwa, vile viazi vyake vya kukausha, mkononi. Nikamwamkia, nikamkalisha karibu na mlango kama nilivyoahidi. Zamu yake ikakaribia.

Hapo ndipo nilipofikiri. Ningejuaje? Namjua shangazi. Kwanza angemwamkia Mektilda kwa Kinyamwezi, mwangaluka, halafu amuulize wazazi wake hawajambo. Angeanza kisa chake tangu siku ya kwanza alipougusa ule uvimbe, mvua ilivyokuwa siku ile, alikuwa shamba la nani. Angefungua khanga moja, akaikunja. Ya pili, akaikunja. Nusu ya asubuhi ingeishia kwa mtu mmoja, na kwaya nzima nyuma yake imekwama!

Nikainama sikioni kwake. Shangazi, leo wagonjwa ni wengi, wapishe kidogo.

Akageuka akawatazama. Aliwatazama kwa muda. Akasema, "Basi, baba, wapite." Akahamia benchi la nyuma.

Baadaye akahamia la nyuma zaidi. Alijihamisha mwenyewe, sikumwambia tena. Kliniki ilipofungwa alikuwa bado nje, na gari la Ulyankulu halimsubiri mtu. Mektilda akaniuliza yule mama aliyekaa mwisho tangu asubuhi alikuwa nani. Nikasema mgeni.

Aliniachia matobolwa kwa mlinzi. Nimeyala jioni hii na chai. Hayakushuka vizuri. Lakini wiki ijayo kliniki ipo tena, na kitengo kikija atatibiwa kama malkia. Josepha kaniuliza shangazi kasemaje. Nimezima taa.

Ijumaa, 27 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saidi kasoma matokeo ya awali ukumbini. Akaanza kwa kutusifu. Hajawahi kuona hospitali yenye mwendo kama yetu! Kwingineko, akasema, mama mmoja mwenye uvimbe anamaliza sehemu kubwa ya asubuhi. Asikilizwe, apimwe, atulizwe, ndugu zake waelezwe. Huo ndio mzigo. Hapa kwetu mgonjwa anaingia na kutoka kabla chai haijapoa. Kwa mwendo huo wauguzi waliopo wanatosha, tena mmoja anaweza kuhamishiwa penye shida. Na kitengo ni haki kiende kule ambako mgonjwa ni kazi nzito.

Nilipiga makofi. Peke yangu. Nilichelewa kuelewa.

Kisha nikaelewa. Kumbe hawahesabu vichwa. Wanahesabu muda ambao kila kichwa kinachukua! Ndiyo yale ya dakika na wastani aliyoyaeleza Mektilda Jumatatu wakati mimi nachagua mapazia. Nimeleta watu wazima wasio na ugonjwa, wakapita kama upepo, wakaifanya kazi yetu ionekane nyepesi kama unyoya.

Na mzigo wenyewe, mzigo halisi ambao ungetuletea kitengo, alikuwa amekaa benchi la nyuma na khanga zake tatu. Ningemwacha tu aingie! Aamkie, asimulie mvua, akunje khanga. Ningenyamaza tu. Hakuna kazi rahisi kuliko kunyamaza, nayo imenishinda.

Mektilda ameomba muuguzi wa kumsaidia miaka na miaka, leo anaambiwa aliyenaye amezidi. Alisimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Nilidhani siku nitakayomwona ameshindwa nitafurahi. Sikufurahi hata kidogo. Nilitamani aniite Mheshimiwa.

Nikamkimbilia Saidi kwenye gari. Nikamwambia yote. Kwamba wale si wagonjwa, ni kwaya ya Ipuli. Kwamba niliwaleta mimi. Afute Jumatano yote, aanze upya.

Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha akapasuka kicheko, akaegemea boneti. Kwaya! Yaani mtani umeona maji ya maiti hayatoshi, sasa wagonjwa wangu ni kwaya! Nikaapa kwa Mungu. Akasema Mnyamwezi akiapa ndiyo shika mfuko wako. Nikamwambia walikaa kwa sauti, soprano mbele, hakuona? Akaniomba niache, mbavu zinamuuma. Machozi yakanitoka kweli, ya uchungu. Akasema hapo sasa nimemshinda, hajaona mtani anayeweza kulia kwa amri. Akavua kofia yake aliyokwisha kuikomboa juzi kwa soda, akanivika mwenyewe. Zawadi ya mshindi.

Nimerudi nyumbani nimevaa kofia ya Mzaramo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazaliwa kabla mwanangu Godbless hajamaliza shule.

Jumapili, 29 Juni

Ushahidi! Usiku kucha nimegeuka kitandani (Josepha karuhusu) mpaka nikalipata. Saidi anaondoka leo mchana. Nimpeleke Ipuli kabla hajaondoka, awaone kwa macho yake wakiimba. Macho hayana utani.

Saidi Mwislamu, akasema ataniridhia kwa kusimama nje, mlangoni, kwa sababu mimi ni mtani wake na nimemfurahisha wiki nzima. Misa ya pili ikaanza. Kwaya ikasimama. Nikamnyooshea kidole mmoja mmoja. Yule wa mbele si ulimbonyezea saa? Yule wa miwani je? Akawatambua! Akakubali kwa kichwa. Nikashukuru watakatifu wote.

Nikamwona anatoa leso. Anajifuta macho.

Akanishika bega. Akasema amezunguka hospitali nyingi lakini hili hajaliona. Kumbe tumewaundia wagonjwa kwaya! Watu wana mashaka ya saratani, na bado wanasimama kumwimbia Mungu kwa sauti nne. Ataliandika kwenye ripoti, hospitali nyingine ziige.

Nikasema hapana! Hapana! Kwaya ilikuwepo kabla! Akasema anaelewa, anaelewa, sitaki sifa, sisi Wanyamwezi ni wanyenyekevu tukisifiwa kwa wema wetu. Wakati huohuo Jilala akainua macho kutoka kwenye karatasi ya nyimbo. Akaniona mlangoni na mtu wa hospitali. Sauti ya nne ikakatika katikati ya aleluya, jitu zima likatokomea kwa mlango wa sakristia.

Saidi akasikitika. Akasema yule bwana bado ana maumivu.

Jumamosi, 5 Julai

Jumatano imepita, shangazi hakuja. Leo nimewasha pikipiki kwenda kumfuata.

Nilimkuta uani anaanika viazi kwa matobolwa mengine. Shikamoo shangazi. Marahaba baba, karibu, umekonda. Akanipa karanga. Ule uvimbe sasa unaonekana juu ya gauni, au ni mimi niliyeshindwa kutazama kwingine.

Nikamwuliza mbona hukuja. Akaendelea kupanga viazi. "Kule kuna watu wana hali mbaya, baba. Niliwaona. Wasichana wadogo, wengine wana watoto mgongoni. Mpaka wanaume wazima wanatoka mbio kwa maumivu. Mimi nimekula chumvi nyingi. Nisiwapunguzie wale nafasi."

Amewaonea huruma sauti ya kwanza na ya pili! Amewapisha watu wenye afya tele, na kila siku jioni anawaombea. Kaniambia mwenyewe, anawaombea. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nilitaka kupiga magoti palepale kwenye viazi. Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Nikamwambia barabara ya huku imeharibika sana siku hizi.

Nimerudi mjini mpaka nyumbani kwa Mektilda. Huyu nimemweleza yote, kwaya, kinanda, benchi la nyuma, na kwamba yule mgeni ni shangazi yangu. Sikuacha kitu ila mapazia. Nilingoja kofi. Halikuja kofi, yalikuja maneno, nayo sitayaandika humu maana Godbless anajua ninapoficha shajara. Alipomaliza akaniuliza kijiji gani.

Jumapili, 6 Julai

Tumekwenda. Mektilda kaendesha pikipiki yangu mwenyewe, akasema haniamini hata kwenye usukani. Mimi nyuma na sanduku lake la vifaa kichwani, maana kamba ilikatika. Vijiji vizima vimetushangilia. Saidi angeniona!

Shangazi akasema mwangaluka. Akamwuliza Mektilda wazazi wake hawajambo. Mektilda akakaa chini, akajibu yote. Mvua ya siku ile ikasimuliwa, shamba lilikuwa la nani, jembe liliazimwa wapi. Khanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilifukuzwa uani kwa mbuzi. Jua lilianza kuinama ndipo wakatoka, na shangazi amekubali kuja mjini achukuliwe kinyama kikapimwe. Alimwitikia Mektilda mara moja. Sijui alimwambia nini ambacho mimi ningeshindwa kusema.

Jumatatu, 21 Julai

Majibu yametoka. Ni saratani.

Daktari anasema haijachelewa sana, ila isingoje tena. Atundikiwe dawa kwa awamu, na kila awamu ni Mwanza. Kabla ya kila safari apimwe damu hapa kwetu kwa Mektilda. Asipopimwa, hasafiri, na kule hapati dawa.

Shangazi hajawahi kupanda basi refu. Gari la Ulyankulu tu humtapisha. Kitengo kingekuja, angetundikiwa hapa, mchana akalala kwangu, jioni Josepha akampikia uji. Ningesukuma kiti mpaka kitandani kwake, hata kile cha tofali.

Aliniuliza jambo moja tu, nikimsindikiza getini. Wale watu wa foleni, walipona? Nikasema walipona. Wote? Wote, shangazi. Akafurahi kweli. Akasema basi haikuwa bure.

Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia. Bila mtani wa kunishangilia.

Naapa, na hii si ya utani. Sitapanga tena mpango wowote maishani mwangu.

Jumatano, 20 Agosti

Tumerudi salama kutoka Mwanza na awamu ya kwanza. Nilishika mfuko njia nzima, kwenda na kurudi. Nywele zimeanza kumtoka shangazi, anavaa kofia ya Saidi chini ya khanga. Inampendeza kuliko mimi. Nguvu kidogo, lakini jana kaomba ugali. Najitahidi kuwa mtu mwema. Nimemsaidia Mektilda kubeba maboksi mara mbili bila kuombwa.

Na leo, habari! Mektilda hakukaa kimya. Alilalamika mpaka huko juu, akasema Jumatano ile haikuwa ya kawaida na ipimwe upya. Wamekubali! Mganga Mfawidhi katangaza asubuhi. Saidi anarudi na saa yake mwezi ujao, Jumatano ya kwanza. Kitengo bado kinaweza kuja Tabora!

Mektilda akanipita koridoni akanionya. Safari hii niketi ofisini kwangu, nifunge mlango, niwaache wagonjwa waje wenyewe kama walivyo. Nikamwambia bila shaka, Sista. Nimejifunza.

Na kweli nimejifunza! Kosa langu lilikuwa kuleta watu wenye haraka. Kinachotakiwa ni watu wa polepole. Nimekwenda Ipuli jioni hii. Renatus mgumu kidogo, lakini kinanda kimezidi kung'oka meno, akalegea. Nimechagua wanawake tu, safari hii sina mchezo. Kila mmoja aje na khanga tatu na mafundo magumu. Waanze kisa tangu ubatizo. Wakohoe kila sentensi. Waulize wazazi wa Mektilda hawajambo, mmoja baada ya mwingine, na baba wadogo pia. Wakipimwa wakubali, lakini kwa kusitasita. Mwendo wa kwaresima, nikamwambia Renatus, si wa pasaka. Mtu mmoja asubuhi nzima! Saidi hatapata hata nafasi ya kubonyeza saa. Mzigo wetu utakuwa mkubwa kuliko wote magharibi ya nchi. Na nimepita pale mjini kwa fundi wa fanicha. Viti vinavyozunguka anavyo, vyeusi na vya kahawia.

Kuna jambo dogo tu. Jumatano hiyohiyo shangazi ana miadi ya kupimwa damu kwa Mektilda, kesho yake safari ya awamu ya pili. Na kliniki itakuwa imejaa, mwendo wa kwaresima.

Nitamwomba awapishe kidogo. Hajawahi kunikatalia.